Reading hadi London: lini uguse kadi, lini ukate tiketi

Ndugu zetu wanaohamia Reading, mji ulio magharibi ya London, kutoka nyumbani huuliza jambo lilelile: kwenda London kwa treni, nipite getini kwa kadi ya benki au nikate tiketi ya karatasi? Wengi wameshaambiwa kwamba kugusa kadi ni nafuu siku zote. Si kweli, na wanaoumia zaidi ni wenye familia.

Kwa anayesafiri peke yake, kadi inafaa sana. Tangu Januari 2020 unaigusa Reading, unashuka kituo cha Paddington, London, unaendelea na treni za chini ya ardhi kwa kadi hiyohiyo. Makato yana kikomo cha siku, na kikomo cha wiki kinachohesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Sisi tunaofanya zamu za kutunza wazee tunanufaika hapo: hulipii tiketi ya wiki nzima halafu zamu mbili zikafutwa. Ila tazama saa. Siku za kazi, nauli ya juu ni ya wanaogusa saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, na saa 10:00 jioni hadi 1:00 usiku. Kama huna haraka, kunywa chai Paddington mpaka saa 1:00 usiku ipite.

Ukiwa na watoto, hesabu inageuka. Mashine haimjui mtoto. Wa miaka 5 hadi 15 ukimpitisha kwa kadi ya benki, anakatwa nauli ya mtu mzima, wakati tiketi yake ya karatasi ni nusu. Tena kuna Family & Friends Railcard, kadi ya punguzo la nauli za treni, £35 kwa mwaka tangu Machi 2025: wakubwa wanapunguziwa theluthi moja, watoto asilimia 60, mradi msisafiri asubuhi ya msongamano siku za kazi. Mama mwenye watoto watatu anayewapeleka London Jumamosi, namsihi aichukue. Punguzo hilo halifanyi kazi kwenye kadi ya benki. Lazima ukate tiketi. Oyster, kadi ya usafiri ya London, nayo haifiki Reading, upande huu inaishia kituo cha West Drayton.

Na tukienda msibani au harusini kwa kundi? Wakubwa 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano waulize GroupSave, punguzo la kundi, kwenye dirisha la tiketi. Ni theluthi moja tena, bila kadi yoyote ya punguzo.

Jambo la mwisho, kwa mnaogusa. Kadi yako ya plastiki na kadi hiyohiyo ndani ya simu, mashine huzihesabu kuwa mbili. Ukiingia kwa plastiki Reading ukatoka kwa simu Paddington, zote mbili zinaonekana zina safari isiyokamilika, na kila moja inakatwa nauli ya juu kabisa. Chagua moja tangu asubuhi. Isajili kwenye akaunti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, uone kila safari ilivyokatwa, na ukiona makato yasiyoeleweka, dai pesa yako humohumo.