Jibu: Kiwanja kilichokuwa gereji ya betri, Njiro

Mkuu, umesema kiwanja ulichonunua Njiro, Arusha, zamani palikuwa pa kutengenezea betri za magari, na unauliza kama alizeti zitafyonza risasi yote (ile metali yenye sumu ya kwenye betri) kutoka udongoni ndani ya msimu mmoja. Hapana. Risasi hung'ang'ania udongo, mizizi inavuta kidogo mno, utasubiri miongo. Na hata ukivuna, mabua hayo usimpe ng'ombe wala usiyachome, sumu itarudi palepale.

Risasi haiozi. Uzuri wake (kama ni uzuri) haizami haraka, nyingi hubaki kwenye sentimita 20 za juu. Kwa hiyo pima kwanza: chota udongo sehemu kadhaa, hasa pale walipokuwa wakimwaga asidi. Waulize Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru kama watakupimia.

Ikikutwa kidogo, weka chokaa na samadi iliyooza vizuri. Udongo ukipungua uchachu, mimea haiivuti risasi kirahisi. Mboga panda kwenye matuta ya udongo wa kuleta, kimo sentimita 30, chini umetandika viroba vinavyopitisha maji. Mnafu, mchicha na karoti ndizo za kuogopa, nyanya afadhali. Ikikutwa nyingi, tabaka la juu linachotwa. Waulize NEMC (baraza la taifa la mazingira) pa kulipeleka, na tafadhali usimuuzie jirani kama kifusi.

Mimi mboga hazinitishi kama watoto. Wanachezea vumbi, kisha mikono inaingia mdomoni. Otesha ukoka au mwaga changarawe sasa hivi, usisubiri majibu ya maabara.