Tumbo la mjomba wako

Mwanangu Salma,

Juzi uliniuliza kwenye simu kama ni kweli bakteria wa tumboni ndio wanaomrudisha mjomba wako kwenye pombe. Kakaa soba hausi miezi mitatu, katoka, wiki ya pili kanywa. Ukauliza pia kama zile kopo za "bakteria wazuri" zinazouzwa huko zitamfaa. Nilikuwa sokoni, nikakujibu juujuu.

Jambo lenyewe lipo. Mwaka 2014 mtafiti Sophie Leclercq na wenzake wa Ubelgiji waliwapima watu waliolazwa ili waache pombe. Baadhi yao utumbo ulikuwa unavuja: ukuta wake umelegea, mabaki ya bakteria yanapenya hadi kwenye damu. Wiki tatu bila tone la pombe, hao ndio waliobaki na huzuni, wasiwasi na kiu ya kunywa kuliko wenzao.

Niliposoma hayo nilimwona mjomba wako asubuhi pale kibarazani, kikombe cha uji kakishika kwa mikono miwili, kinagonga meno. Funda moja, anakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Akirudi anataka hela ya kuzimua. Nami nilikuwa nikimfokea kwamba anadeka.

Marekani nako, jaribio la Jasmohan Bajaj la mwaka 2021 lilikuwa na wanaume 20 wenye ini lililoharibiwa na pombe. Nusu yao waliingiziwa, kwa bomba la njia ya haja kubwa, kinyesi cha mtu mwenye afya, pamoja na bakteria wake. Usicheke. Siku ya 15, tisa kati ya hao kumi hamu ya pombe ilikuwa imepungua. Waliopewa cha bandia, watatu. Ila watu 20 hawajazi hata daladala, na walichopewa hakikuwa unga wa kopo. Kwa hiyo usinunue. Hela hiyo nitumie, nimrudishe kliniki, maana akiacha ghafla peke yake nyumbani anaweza kushikwa na degedege na kufa.

Na usimwambie habari za bakteria kwanza. Namjua ndugu yangu, atakipenda mno kisingizio hicho.

Uji nimeacha kumlazimisha. Nampa mchuzi wa maharage, kidogokidogo, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ndizo chakula cha hao bakteria. Jana alimaliza bakuli, halikurudi. Usiku huu nimeloweka mengine.

Mama yako