Zabibu2019, na kisa cha skrini niliyodhani ni safi

Juzi kijana mmoja kaniandikia kuhusu teminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri: "Kaka, Ctrl+L inapoteza kila kitu, sasa wewe kufuta teminali unakung'ang'ania kwa nini?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Ilikuwa ofisi moja hapa Area D, watu saba mezani, laptopu yangu kwenye projekta. Nikabonyeza Ctrl+L, skrini nyeusi tii. Nikajiona fundi. Maonyesho yakaenda vizuri mpaka mama mhasibu akauliza nakala ya data imekaa folda gani. Nikaskroli juu nimwonyeshe. Ikateremka kazi yangu yote ya usiku, na katikati yake mysqldump, amri ya kutoa nakala ya data, yenye -pZabibu2019, paswedi imegandana na p. Tena ya mteja mwingine! Mkuu wa kitengo akaisoma kwa sauti: "Zabibu2019 ndiyo nini, kijana?"

Kazi sikuipata. Aliyeipata nilimfundisha mimi kuandika ls, amri ya mwanzo kabisa, ila hayo tuyaache.

Sasa sikilizeni. Ctrl+L inasafisha unachokiona tu, mistari iliyopanda juu bado ipo. Inayoifuta hiyo ni printf '\033[3J'. Kwenye Linux za sasa clear inafanya yote mawili, mradi teminali yako iielewe 3J. Ukiandika clear -x, ya juu inabaki. Wa Mac, Cmd+K. Kwenye tmux, ile programu ya kugawa teminali, andika tmux clear-history.

Na hata ukifuta yote hayo, amri zako zimelala kwenye faili la historia, kama ~/.bash_history, ambalo halijali umesafisha skrini mara ngapi. Kwa hiyo usiandike paswedi kwenye amri. Acha -p peke yake, itakuuliza. Mimi siku hizi nikienda kwa watu nafungua dirisha jipya kabisa, halafu naskroli juu mwenyewe kabla sijachomeka waya. Skroli juu, jamani. Narudia: skroli juu. Tunataka tenda kubwa, tunataka tuitwe wataalamu, na kuangalia mistari ya juu kunatushinda? Mgeni hakai sebuleni siku zote, ipo siku ataomba maji jikoni.

Kijana nilimwambia abonyeze Ctrl+L kwake kwanza, askroli juu atazame kama maandishi yapo, ndipo tubishane. Jana jioni kajibu neno moja:

"Yapo."