Mafuta ya kijani kwenye Silver Shadow: usikubali

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Birmingham, nimenunua Rolls-Royce Silver Shadow ya mwaka 1974. Rafiki yangu anayetengeneza Citroën anasema mfumo wa breki ni ule ule wa Citroën, kwa hiyo niweke mafuta ya kijani, LHM. Ni kweli? Na mbona gari langu halijisawazishi mbele, wakati nimesoma kwamba Shadow hujisawazisha, yaani hujirudisha lenyewe kwenye kimo chake linapobeba mzigo, mbele na nyuma?

JIBU: Marahaba. Kama bado hujamimina hayo mafuta, yaache kwenye chupa yake. Kama umeshamimina, usiwashe injini hata kwa kulisogeza gari uani tu.

Rafiki yako amepatia nusu. Shadow ilipotoka mwaka 1965, Rolls-Royce walikuwa wamenunua leseni ya teknolojia ya Citroën. Pampu 2 zinazosukumwa na kemshafti (mhimili wa injini unaofungua vali) hujaza matufe 2 yenye gesi ya naitrojeni, na ukikanyaga breki unafungua vali, na mgandamizo uliohifadhiwa ndio hasa unaolisimamisha gari lenye uzito wa zaidi ya tani 2. Lakini wazo ni la Citroën, mafuta siyo. Shadow yako inatumia RR363, mafuta ya breki ya jamii ya glaikoli yaliyoongezewa kilainishi kwa ajili ya pampu zile. LHM ni mafuta ya madini. Sili za Shadow, yaani mipira ya kuzuia uvujaji, zikikutana nayo huvimba na kulainika, na zimo kila mahali: kwenye pampu, vali, kalipa (zile zinazobana diski za breki), hadi vinyanyuzi vya nyuma vinavyolisawazisha gari. Kuosha mfumo hakusaidii hapo. Kila kitu kinafunguliwa na kila mpira unabadilishwa, na bili yake inaweza kuzidi bei uliyonunulia gari.

Mkanganyiko unatokana na Silver Spirit, iliyoirithi Shadow mwaka 1980. Hiyo ndiyo ilihamia mafuta ya madini, na sili zake zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mtu aliyezoea Spirit akifungua boneti ya Shadow huona vitu vinavyofanana, mkono ukaenda kwenye chupa ya kijani. DOT 4, mafuta ya kawaida ya breki ya dukani, nayo usiifanye ya kudumu: haina kile kilainishi, na pampu ndizo zinazolipa.

Kuhusu pua ya gari, hakuna kilichoharibika. Shadow za kwanza kweli zilijisawazisha mbele na nyuma, ila wahandisi wa Crewe, kiwandani kwa Rolls-Royce, waligundua kwamba karibu kazi yote inafanywa nyuma, kwenye abiria, mizigo na tangi la petroli. Mwaka 1969 wakaondoa mfumo wa mbele. Binafsi nauhesabu kuwa uamuzi mzuri kuliko hata ule wa 1970, walipourefusha mwendo wa pistoni kutoka milimita 91.4 hadi 99.1 na injini ya V8 ikatoka lita 6.23 kwenda 6.75. Kuongeza ukubwa ni rahisi. Kukiri kwamba kifaa ulichokibuni hakihitajiki, kisha ukakitoa, kunataka moyo. Stelingi ya raki (ufito wenye meno unaogeuza magurudumu) haikuja hadi Shadow II, mwaka 1977, kwa hiyo ulegevu kidogo unaouhisi katikati ya usukani nao ni wa asili.

Kabla hujaingia barabarani, pima matufe. Acha injini iungurume dakika chache hadi taa za tahadhari za breki zizimike, izime, kisha rudisha swichi bila kuwasha. Kanyaga na kuachia breki huku ukihesabu. Tufe zima hukupa makumi ya mikanyago kabla taa haijawaka. Taa ikirudi baada ya michache tu, naitrojeni imevuja au mpira wa ndani umepasuka. Usilifungue tufe kabla hujaushusha mgandamizo wote kupitia skrubu ya kutolea: mle ndani mgandamizo hufika takriban psi 2,500 (pauni kwa kila inchi ya mraba), na mafuta yakitoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi.

RR363 ibadilishwe yote kila baada ya miaka 2, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio unaokula pistoni za kalipa taratibu bila wewe kusikia chochote kwenye pedali.