Kwa wewe unayeanza kutunga maswali ya chemsha bongo kuhusu nchi za dunia

Kosa lililonifundisha kuliko yote katika kazi hii nililifanya kwa swali nililoliona jepesi mno: mji mkuu wa Burundi ni upi? Karatasi yangu ya majibu ilisema Bujumbura. Msichana mmoja wa kidato cha pili alijibu Gitega nami nikampa sifuri, na duru ilipokwisha mwalimu wake alinijia mezani akanieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, kwamba uamuzi wa mwishoni mwa mwaka 2018 uliifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, Bujumbura ikabaki kitovu cha uchumi. Nilikuwa nimenakili jibu kutoka kwenye atlasi ya zamani.

Tangu siku hiyo kila jibu huliandikia pembeni mwaka niliolihakiki, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo hata pale unapojiamini. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, ukaitwa Nur-Sultan mwaka 2019, na mwaka 2022 ukarudia jina la Astana; aliyekariri bila tarehe alikosea mara mbili.

Jihadhari pia na swali linalodai jibu moja mahali penye majibu matatu. Afrika Kusini ina Pretoria yenye makao ya serikali, Cape Town yenye Bunge, na Bloemfontein yenye Mahakama ya Rufaa, mgawanyo uliotokana na maafikiano ya makoloni manne yaliyoungana mwaka 1910, ambapo hakuna aliyekubali mwenzake achukue kila kitu. Ukiuliza "mji mkuu ni upi" utazua ugomvi ukumbini, lakini ukiuliza kwa nini ni mitatu, utamjua aliyesoma na aliyekariri.

Maswali ninayoyapenda zaidi ni yale ambayo ndani yake mna kisa. Watu wa Samoa walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 wakaamka Jumamosi tarehe 31, kwa sababu serikali yao iliamua kuihamishia nchi upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule mstari wa kufikirika katika Bahari ya Pasifiki unaotenganisha siku moja na inayofuata, ili siku zao za kazi zilingane na za Australia na New Zealand, wanakofanya nao biashara nyingi. Usiishie hapo, maana utamu uko nyuma zaidi: mwaka 1892 nchi hiyohiyo ilikuwa imehamia upande wa Marekani, pia kwa ajili ya wafanyabiashara, na siku hiyo waliirudia tarehe 4 Julai mara mbili. Ijumaa iliyopotea mwaka 2011 ilikuwa, kwa hesabu yangu, deni la karne nzima.

Wanafunzi wetu usiwanyime swali la Ethiopia. Kalenda yake ina miezi 13, kumi na miwili ya siku thelathini na mmoja wa siku tano au sita, na ndiyo maana waliukaribisha mwaka wao wa 2000 mwezi Septemba 2007. Saa nayo huanza kuhesabiwa alfajiri. Mimi huuliza hivi: mwenyeji wa Addis Ababa akikuambia mkutane saa tatu asubuhi, jua litakuwa wapi? Wengi huanza kujumlisha na kutoa vidoleni, hadi mmoja wao acheke na kusema kwamba ni saa tatu ileile ya nyumbani kwao.