Seti ya bisibisi ya bei nafuu: angalia ncha, si idadi

Seti ya bisibisi ya bei nafuu inafaa kununua, ila usidanganywe na wingi wa vipande. Kazi nyingi za nyumbani zinaishia kwenye bisibisi nne: za nyota za saizi PH1 (ndogo) na PH2 (kubwa zaidi), na bapa mbili, nyembamba na pana. Hizo nne zikiwa imara, seti imelipa hata kama nyingine zitalala tu kwenye kasha.

Ichukue PH2, iingize kwenye skrubu ya saizi yake. Ikae bila kucheza, na mbavu za ncha ziwe na kingo zilizochongwa vizuri, si mviringo. Chuma laini hulika mapema, kisha kinakula na kichwa cha skrubu, na hapo ndipo hasara inapoanza. Natengeneza samani, naliona hili kila mara. Alama ya CR-V, yaani chuma chenye kromu na vanadi, ni dalili nzuri lakini si uthibitisho. Yeyote anaweza kuigonga.

Kwa umeme ni habari nyingine kabisa: kama bisibisi haina alama ya 1000 V, yaani imekingwa dhidi ya umeme hadi volti 1000, usiipeleke kwenye waya wenye moto, hata mpini uwe wa plastiki nene kiasi gani.