Jibu: RAM ya ziada kuifanya diski

Mkuu, umeuliza kama RAM ya GB 16 kwenye kompyuta yako ya Ubuntu (aina ya Linux), RAM ambayo nusu yake haina kazi, inaweza kutumika kama diski ya kasi. Inaweza, na huhitaji kusakinisha chochote, Linux inakuja na tmpfs, yaani mfumo wa kuhifadhi mafaili ndani ya RAM. Fungua terminali uandike:

sudo mkdir /mnt/kasi
sudo mount -t tmpfs -o size=4G tmpfs /mnt/kasi

Basi. Hiyo 4G ni kikomo tu. RAM inaliwa kadiri unavyoweka mafaili, na ukiyafuta inarudi. Usipotaja size, kikomo kinakuwa nusu ya RAM yote.

Ila umeme ukikatika au ukiwasha mashine upya, kila kilichomo kimepotea na hakirudi. Tafadhali sana usiweke humo kazi ya mteja. Weka vitu vya muda: mafaili ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu), zip kubwa unayoifungua ukachague faili moja, kashe ya kivinjari.

Usiwe na tamaa ya size=14G. RAM ikibana, yaliyomo kwenye tmpfs husukumwa kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikibana), yaani unarudi kwenye diski ileile unayoikimbia.

Na kama lengo ni kufungua programu haraka, sikushauri kabisa. Linux tayari hutunza mafaili yaliyosomwa kwenye RAM iliyo wazi. Piga free -h uangalie safu ya buff/cache, humo ndimo mafaili hayo yanahesabiwa. Faida utaiona kwenye kuandika mafaili madogo mengi, hasa kama bado unatumia HDD (diski ya zamani inayozunguka) badala ya SSD (isiyozunguka, yenye kasi zaidi). Unatumia HDD au SSD?